Chanjo ya rizobia, kuvu wa mizizi au samadi: pesa ya msimu huu iende wapi?

Wiki mbili kabla ya mvua za kupandia, mama mmoja mkulima wa Nyanda za Juu Kusini alinisimamisha nje ya duka la pembejeo. Mkono wa kulia ameshika pakiti ya unga mweusi, chanjo ya soya, yaani bakteria wa kupaka kwenye mbegu. Mkono wa kushoto ameshika kopo la kuvu wa mizizi, limeandikwa linafaa "mazao yote".

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nisaidie. Nina ekari moja ya soya, shamba jipya, tumelifyeka mwaka huu. Nina nusu ekari ya maharage, na bustani ya kabichi kule bondeni. Hela inatosha kununua kimoja tu. Samadi ipo nyumbani, ng'ombe wawili. Nichukue kipi?"

Kuhusu soya nilimjibu hapo hapo: chukua pakiti, rudisha kopo. Ila kabla ya maneno mengine nilimwomba aitie ile pakiti ndani ya mkoba, maana tulikuwa tumesimama juani na vilivyomo ndani ni viumbe hai. Jua la saa sita linaviua kabla havijafika shambani. Mengine niliyomweleza ndiyo haya, nikiyapanua kidogo kwa yeyote anayesimama mbele ya rafu ileile akijiuliza swali lilelile.

Mmea ndio unaochagua

Tumezoea kuufikiria mzizi kama mrija wa kunyonya maji na chumvichumvi. Lakini mzizi unatoa vitu pia. Sukari, asidi na kemikali za kuitana huvuja kutoka mzizini usiku na mchana, na vijidudu huzifuata kama nzi wanavyofuata embe lililopasuka. Mwaka 1904 mwanasayansi wa Ujerumani, Lorenz Hiltner, aliupa jina ukanda huo mwembamba wa udongo unaozunguka mzizi: rizosfia. Upana wake ni milimita chache tu, lakini bakteria waliomo wanaweza kuwa mara kumi hadi mara mia zaidi ya wale wa udongo ulio mbali kidogo.

Chakula hicho kimetengenezwa na majani kwa jua na maji, kwa hiyo mmea hauwalishi wote sawasawa. Soya haimfungulii mlango bakteria wa maharage. Kabichi haishirikiani kabisa na kuvu wa kwenye lile kopo, hata ukimwaga makopo kumi. Ndiyo maana kuuliza "bidhaa ipi ni bora?" hakukufikishi popote. Uliza mambo mawili: zao langu linampokea nani, na je, huyo tayari yumo kwenye udongo wangu? Kama hayumo, mnunue. Kama yumo, pesa yako ina kazi nyingine.

Chanjo ya rizobia: inapofaa, inafaa kweli

Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78, lakini hakuna mmea unaoweza kuila ikiwa katika hali hiyo. Rizobia ni bakteria wanaoweza kuibadili. Jinsi wanavyoingia mzizini inapendeza kuieleza. Mzizi wa mkunde wenye njaa ya naitrojeni hutoa kemikali ya kuwaita. Bakteria anayeitambua hujibu kwa kemikali yake mwenyewe, na mzizi ukiitambua hiyo, kinyweleo chake hujikunja kama ndoana na kumkumbatia. Kisha njia nyembamba hufunguka hadi ndani ya mzizi, seli zinagawanyika, na kinundu kinaota. Ishara zisipolingana, hakuna kinachoendelea. Ndiyo sababu pakiti ya chanjo huandikwa jina la zao, na pakiti ya soya ukiipaka kwenye maharage umepoteza pesa.

Soya asili yake ni Asia ya Mashariki, na mwenzi wake, Bradyrhizobium, kwa kawaida hayumo wa kutosha kwenye mashamba yetu ambayo hayajawahi kupandwa soya. Shamba la yule mama ni la hivyo hasa. IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha kitropiki, ilizalisha aina za soya zinazoitwa TGx, ambazo hukubali pia bakteria wenyeji wa Afrika, na aina hizo zimesaidia sana mahali ambapo chanjo haifiki. Hata hizo mara nyingi huongeza mavuno zikichanjwa, kwa sababu bakteria mwenyeji huweza kuingia mzizini lakini akafanya kazi kidogo.

Sasa tazama hesabu. Mbegu ya soya ina protini karibu asilimia 40, kwa hiyo naitrojeni yake ni takriban asilimia 6. Ukivuna magunia kumi ya kilo mia, umebeba kama kilo 60 za naitrojeni kutoka shambani. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Mavuno hayo peke yake, bila kuhesabu majani na mabua, yamebeba naitrojeni ya mifuko miwili na nusu ya urea. Vinundu vinavyofanya kazi vizuri huweza kutoa zaidi ya nusu ya mahitaji hayo kutoka hewani, na chanjo ya ekari nzima ni gramu mia mbili na hamsini hadi mia tatu, kwa bei iliyo chini kabisa ya mfuko mmoja wa urea. Brazili, mojawapo ya nchi zinazoongoza duniani kwa soya, huilima karibu yote bila mbolea ya naitrojeni, kwa kutegemea chanjo.

Ni teknolojia ya zamani pia. Hellriegel na Wilfarth walionyesha kazi ya vinundu miaka ya 1880 huko Ujerumani, na Hiltner huyohuyo pamoja na Nobbe wakaanza kuuza chanjo miaka ya 1890. Kwetu, Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro kiliwahi kutengeneza yake, Nitrosua. Chuo Kikuu cha Nairobi ndicho kilichozaa Biofix inayouzwa Kenya, na Makerere wana yao. Kati ya 2009 na 2019 mradi wa N2Africa uliipeleka chanjo kwa wakulima wa Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Kongo na kwingineko, na soya ndiyo iliyoitikia vizuri kuliko mikunde mingine mingi.

Udhaifu wake uko kwenye safari kutoka kiwandani hadi shimoni. Niliwahi kununua pakiti iliyokaa dirishani mwa duka, tarehe yake bado nzuri kabisa, na wiki ya saba nilipochimba soya sikukuta hata kinundu kimoja. Tangu hapo naiomba pakiti iliyohifadhiwa mahali pa baridi, na dukani wakiniambia hawana nafasi kama hiyo, naenda duka jingine. Nyumbani nachanganya kivulini: kilo moja ya mbegu, gramu kumi za chanjo, na maji kidogo yenye sukari au gundi iliyokuja na pakiti ili unga ushike. Mbegu zikishakuwa nyeusi zote, zinaingia ardhini siku hiyohiyo na kufukiwa mara moja. Mbegu iliyopakwa dawa ya ukungu isichanganywe na chanjo bila kusoma maelekezo, kwa maana dawa nyingine huua bakteria. Na usiipe soya iliyochanjwa urea. Mmea ukipata naitrojeni ya bure kwenye udongo hauoni sababu ya kuwalisha wageni, na vinundu vinapungua.

Maharage, kunde, mbaazi: hapa pakiti si ya kwanza

Nilipofika kwenye nusu ekari ya maharage, yule mama alidhani nitamwambia anunue pakiti ya pili. Hapana. Maharage yamelimwa kwetu vizazi vingi, na bakteria wanaoyapokea wamejaa udongoni. Wengi wao ni wavivu, lakini wameshatangulia kufika, na bakteria mzuri wa pakiti hulazimika kugombea nafasi na maelfu waliozoea udongo ule. Safari nyingine anashinda, safari nyingine anashindwa. Isitoshe, maharage ya muda mfupi hukomaa katika siku 75 hadi 90, na vinundu vinakuwa vimeanza kazi sawasawa tu wakati maua yanatoka. Kwa wastani maharage hupata hewani karibu asilimia 40 tu ya naitrojeni yake, chini ya mikunde mingi. Maharage yanayopanda mitini, kama yanavyolimwa Rwanda na Kagera, hukaa shambani muda mrefu zaidi na kufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Kinachobana maharage mara nyingi ni fosforasi. Kubadili naitrojeni ya hewani kunakula nishati nyingi mno, na nishati hiyo haipiti bila fosforasi. Kwa hiyo kwenye maharage ningenunua kwanza mbolea ya kupandia yenye fosforasi, TSP kwa mfano. Kama udongo ni mchachu, fosfati ya Minjingu, inayochimbwa kule Manyara, ina faida ya ziada, kwa kuwa uchachu wenyewe ndio unaoiyeyusha polepole. Pesa ikibaki, jaribu chanjo ya maharage kwenye kipande kidogo uone. Na udongo ukiwa mchachu kupita kiasi, pH chini ya 5 hivi, chokaa hutangulia vyote, maana hata rizobia wenyewe hawastahimili.

Kunde, choroko, karanga na njugu mawe hupokea bakteria wengi wa kienyeji, hivyo sina haraka ya kuzinunulia chanjo. Mbaazi vilevile, na naipenda kwa sababu nyingine. Soya unaivuna na naitrojeni yake yote ya maana inaondoka na gunia. Mbaazi inakaa shambani miezi mingi, inamwaga majani chini, na mzizi wake unachimba mbali. Anayetaka punje za kuuza aangalie soya. Anayetaka mahindi ya mwakani yawe na nguvu aangalie mbaazi.

Kuvu wa mizizi: wengi unao tayari

Kuvu wa kwenye lile kopo huitwa mikoriza. Jina hilo lilitolewa mwaka 1885 na Albert Bernhard Frank, Mjerumani mwingine, lakini urafiki wenyewe ni wa kale kupita tunavyoweza kufikiri: katika mawe ya Rhynie huko Scotland, yenye miaka kama milioni 400, mimea ya mwanzo ya nchi kavu imeonekana ikiwa na kuvu wa aina hii ndani yake. Mimea ile haikuwa hata na mizizi ya kweli.

Kazi yao kubwa ni fosforasi. Chembe za fosfati husafiri kwa shida sana udongoni, hivyo mzizi humaliza haraka zile zilizo karibu yake na kubaki na njaa katikati ya utajiri. Nyuzi za kuvu, nyembamba kuliko kinyweleo cha mzizi, hupenya kwenye nafasi ambazo mzizi hauingii, huchota fosfati mbali, na kuileta nyumbani. Malipo yake ni sukari na mafuta, na yanaweza kufika hadi sehemu moja ya tano ya chakula kilichotengenezwa na majani. Mhogo unawategemea mno kwa kuwa mizizi yake ya kunyonya ni michache na minene. Vitunguu hivyohivyo. Mahindi, kahawa, migomba na mikunde karibu yote wanao.

Kwa nini basi nikamwambia arudishe kopo? Kwanza, kabichi. Kabichi, sukuma wiki na jamaa zao hawashirikiani na kuvu hawa, na mchicha na spinachi ni hivyohivyo. Lebo inayosema "mazao yote" kwa bidhaa ya mikoriza imeshamdanganya mwenye bustani ya mboga kabla hajafungua kifuniko. Pili, tofauti na rizobia wa soya, kuvu hawa wapo karibu katika kila udongo wenye mimea. Mradi wa utafiti wa COMPRO ulipima bidhaa nyingi za namna hii zilizokuwa zikiuzwa Kenya, Ethiopia na Nigeria. Chanjo za rizobia za soya zilikuwa miongoni mwa zilizoonyesha faida ya wazi. Nyingine nyingi hazikuonyesha.

Zipo hali ambapo ningelipa. Miche ya migomba ya maabara hutoka kwenye chupa safi isiyo na kuvu hata mmoja, na kuipa kuvu kitaluni kabla ya kuipeleka shambani kuna mantiki. Udongo wa kitalu uliochomwa au kupikwa kwa mvuke ni hivyohivyo: moto umeua magonjwa, umeua na marafiki. Watu wa misitu wanalijua jambo hili kwa misonobari, ambayo ina kuvu wake wa aina nyingine. Miche yake huduwaa na kugeuka njano kwenye udongo mgeni hadi itiwe udongo kidogo kutoka chini ya misonobari mikubwa.

Shambani kwako, kazi ni kuwatunza ulionao. Kulima na kupindua udongo mara kwa mara kunakata nyuzi zao. Kuacha shamba tupu bila hata gugu kunawaua kwa njaa. Fosforasi nyingi kupita haja huufanya mmea uwafukuze. Ukiwa na kipande kilichotoka kabichi misimu miwili, usikipeleke moja kwa moja kwenye vitunguu au mhogo. Pitisha mahindi na maharage kwanza, kuvu waongezeke.

Kuna jambo hapa linalonigusa kila nikilisimulia. Kemikali ambayo mzizi wa mahindi wenye njaa ya fosforasi huitoa ili kuwaita kuvu hawa, ndiyo hiyohiyo inayoamsha mbegu za kiduha, gugu linaloishi kwa kunyonya mizizi ya mahindi. Kiduha amelala udongoni miaka, kumi na zaidi, anasubiri ishara ile ajue kwamba mwenyeji wake yuko karibu. Mahindi yanaomba msaada na mwizi anasikia. Ndiyo sababu kiduha humaliza zaidi mashamba yaliyochoka, na ndiyo sababu samadi na fosforasi huwa sehemu ya dawa yake. Watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, waligundua kwamba desmodiamu ikipandwa kati ya mistari ya mahindi, mizizi yake huamsha mbegu za kiduha na kuzizuia kushika mzizi wa mahindi, zikafa. Na kwa kuwa ni mkunde, vinundu vyake vinaongeza naitrojeni. Mwenye kiduha asinunue kopo wala pakiti kabla hajaifikiria desmodiamu.

Samadi: chakula cha wote

Samadi haileti kijidudu maalumu kwa zao maalumu. Inawalisha waliopo. Bakteria wanaila, viumbe wadogo zaidi kama protozoa wanawala bakteria, na kila wanapokula, naitrojeni inayobaki inamwagika karibu na mzizi. Ni njia ya taratibu kuliko urea, lakini inashika maji, inapunguza makali ya uchachu, na faida yake inavuka msimu.

Kosa ninaloliona kila mwaka ni samadi mbichi iliyojaa mabua makavu. Mabua yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo, kwa hiyo vijidudu vinavyoyaozesha huichukua naitrojeni ya udongo kwanza, na mahindi machanga yanageuka njano mwenye shamba akidhani mbolea imekuwa kali. Iache ioze vizuri, uifunike isinyeshewe wala kupigwa jua, hadi ukiipondaponda mkononi inakuwa nyeusi na inanuka udongo. Ng'ombe wawili hawatoshi ekari mbili. Kwa yule mama nilisema samadi ishuke kwanza bondeni kwenye kabichi, zao ambalo halina vinundu wala mikoriza ya kulisaidia, na inayobaki iwekwe mashimoni kwa maharage pamoja na mbolea ya kupandia.

Chupa zile za "vijidudu mchanganyiko" zinazoahidi kila kitu, nazipita. Hazisemi ni kiumbe gani, ni wangapi, wala wa zao lipi.

Utajuaje kama imefanya kazi

Hapa chanjo ya rizobia inazishinda zote, kwa kuwa ushahidi wake unauona kwa macho. Samadi utaipima kwa misimu. Kuvu hutawaona bila hadubini. Rizobia unachimba.

Acha mistari mitatu ya soya bila chanjo, na uipande kwanza, kabla mikono na jembe havijashika unga ule. Weka kigingi. Soya inapoanza kutoa maua, wiki ya sita hadi ya nane, chimba mimea mitano kila upande kwa beleshi. Usiing'oe, vinundu vitabaki ardhini. Tikisa udongo taratibu au uoshe kwenye ndoo. Kinundu halisi kimeota pembeni mwa mzizi na kinabanduka kwa kucha. Uvimbe uliomo ndani ya mzizi wenyewe, usiobanduka, ni wa minyoo fundo, ugonjwa mwingine kabisa. Kisha kipasue. Ukiona wekundu kama wa nyama mbichi, hiyo ni leghemoglobini, ndugu wa kinachoipa damu yetu rangi, inayodhibiti oksijeni ili bakteria wafanye kazi. Kinundu cheupe hakifanyi kazi, au bado kichanga. Cha kijani kimeshazeeka.

Mama alinipigia simu mwishoni mwa Februari. Alikuwa amekaa chini pembeni mwa kigingi, na mjukuu wake anahesabu kwa sauti. Mistari iliyochanjwa ilikuwa na vinundu kumi na vitano, ishirini kwa mmea, vimekusanyika juu karibu na shina. Ile mitatu ilikuwa na viwili, vitatu, vimetawanyika. "Nimevipasua," akasema. "Kidole changu chekundu. Sasa niambie, mwakani shamba hilihili nikirudisha soya, ninunue tena?"

Nilimwambia bakteria wale wanaweza kubaki udongoni, hasa soya ikirudi baada ya msimu mmoja au miwili na udongo usiwe mchachu. Mwakani apande mahindi hapo. Soya ikirudi, aache tena mistari mitatu bila chanjo, aje na beleshi, na mistari hiyo ndiyo itakayomjibu kama anunue.